Mtihani wa Mlangoni

Majina yao wote ninayo. Wapangaji wa kila chumba katika nyumba ile ya Temeke, watoto wao, muuza maji, hata yule mbuzi wa mwenye nyumba aliyekuwa akila kanga kwenye kamba, wote nawajua kwa majina. Wajukuu zangu hunijaribu: "Bibi, chumba cha karibu na choo alikaa nani?" Nikawatajia, na jina la baba yake juu. Lakini hapa siandiki jina la mtu. Wengi wametangulia na wana wao wapo. Makabila nayo siyataji, maana nikitaja tu kabila la mtani wetu, mtu wa Temeke wa enzi zile atasema, aa, si yule?

Nataka kumweleza mume wangu na mtihani wake.

Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Masjala ni chumba cha majalada. Kazi yake ilikuwa kulitoa jalada rafuni, kulipeleka kwa afisa, kusubiri, kulirudisha rafuni. Alisema majalada yana vumbi la namna yake, haliondoki kwa sabuni, na kweli kola za mashati yake nilizifikicha mpaka zikatoboka. Alikuwa na haja moja duniani: na yeye siku moja akae kwenye kiti, jalada liletwe kwake. Njia ilikuwa mtihani. Karani akiufaulu mtihani wa uafisa alipandishwa cheo, akapata na nyumba ya serikali yenye bomba ndani. Mara ya kwanza aliufanya akaanguka. Haukuwa mtihani wa kila mwaka, na tangazo lake lilikuwa na sharti la umri. Ulipotangazwa tena alihesabu miaka yake akaona huu ndio wa mwisho. Ukimpita huu, basi tena, atakufa karani.

Zilikuwa siku za Ujamaa. Wale Waafrika wa mwanzo waliopewa viti vya Wazungu tuliwaita manaizi, tukawasema kwa vitambi vyao na kwa viatu vyao vya kulia kwenye sakafu. Lakini katika waliowasema sikumwona ambaye hakutaka mwanawe awe mmoja wao. Baba mkwe wangu ndio usiseme. Alikuwa kuli bandarini tangu kijana, mgongo umempinda kwa magunia, na alikuwa akisema: "Mie nimewabebea mizigo maafisa wa kila rangi. Nataka kumbebea wangu." Alikaa nasi, katika kijumba kidogo cha uani, na pumu yake.

Mume wangu alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla hajaingia shule. Mtu wa chuoni hajui kusoma kimya. Kwake kitu kisichopita mdomoni hakijaingia kichwani. Basi kila baada ya magharibi aliweka mkeka uani, akawasha chemli, akakifungua kile kitabu cha kanuni za utumishi, akaanza kuyumba mbele na nyuma kama anasoma sura. Likizo hutolewa vipi. Barua ya siri hufunguliwa na nani. Nani anaweza kumsimamisha nani kazi. Nyumba nzima ilikuwa inamsikia, maana nyumba zetu mnazijua, ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, na ukuta wa uani haufiki juu. Watoto wa wapangaji waliruka kamba kwa maneno ya serikali. Mie niliyejifunzia herufi ukubwani, kwenye kisomo cha jioni pale ofisi ya tawi la chama, nilikuwa najikuta napepeta mchele huku nasema "kwa idhini ya mkuu wa idara."

Baba yake alikaa pembeni na bakora yake. Kusoma hajui, lakini sikio alikuwa nalo. Mwanawe akisita mahali, hata kama ni kumeza mate tu, bakora inagonga chini, ko!

"Umesita. Rudi mwanzo."

"Baba, si Kurani hii."

"Rudi mwanzo. Serikali nayo haitaki mtu wa kusitasita."

Akarudi mwanzo. Kulikuwa na mahali pamoja alipokuwa akikwama kila siku, mahali pa afisa akiwa hayupo madaraka yake yanashikwa na nani, na akirejea yanarudi vipi. Lilikuwa fungu refu, lina vifungu ndani ya vifungu. Hapo bakora iligonga mpaka udongo wa uani ukafanya shimo.

Sasa mtani. Mtani wetu alikaa chumba cha mkabala na chetu, mwanamke mnene, mjane, muuza vitumbua, mwenye sauti ya kuita basi likageuka. Kwa kijana asiyejua, babu zao na babu zetu walipigana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo wao ni watani zetu. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako mbele ya macho yako, na hukasiriki. Ukikasirika aliyekosa ni wewe. Lakini ukifiwa, msiba wako ni wake. Atapika, atachota maji, atamwigiza marehemu mpaka mcheke na machozi usoni, na maiti haitoki mlangoni mpaka yeye aridhike. Marehemu akiwa mtu wa watu mtani hukawia kumwachia. Kumwachia upesi ni dharau, kama kusema huyu hakuwa kitu.

Alikuwa akitoka na beseni lake la vitumbua asubuhi, anapita mlangoni petu.

"Hodi hapo! Serikali imeamka?"

"Imeamka," mume wangu anajibu.

"Imekula?"

"Bado."

"Basi ile kitumbua, isije ikafa njaa wakoloni wakarudi. Na wewe mzee, uliniahidi utanioa. Lini?"

"Meno yakiota," anasema baba mkwe.

"Yakiota utaning'ata, sikutaki." Anamgeukia tena mume wangu. "Bwana Afisa, ukishapata hiyo nyumba ya bomba usije ukatusahau makabwela."

"Siku hizi hakuna mabwana. Sema Ndugu Afisa."

"Ehe! Hajapata cheo ameshaanza kunirekebisha. Ndugu Afisa, naomba ruhusa nikauze vitumbua, kwa idhini ya mkuu wa idara!"

Ndio Ndugu Afisa ikawa jina lake mtaa mzima. Yeye alikuwa akicheka, lakini usiku aliniambia jina hili linamtisha, ni kama kuvaa kanzu ya mtu kabla hajakupa.

Siku ya mtihani ilipojulikana hatukuitangaza. Hii ndiyo ilikuwa kawaida yetu, na mpaka leo watu wengi ndivyo wafanyavyo: safari husemi siku ya kuondoka, mimba husemi mwezi wake, na jambo la heri hulisemi mpaka liwe. Jicho la mtu lina uzito. Aliyeuliza alijibiwa "bado bado, labda baada ya mfungo." Mtani aliuliza mara nyingi, akajibiwa hivyo hivyo. Tulijua watu watatu tu: mie, yeye na baba yake.

Ilikuwa saa nane mchana, katika ukumbi wa shule moja upande wa mjini. Jana yake nilipiga pasi suruali ya kijivu na shati jeupe. Baba mkwe alikuwa amezidiwa na kifua siku mbili tatu, lakini jioni ile akataka asomewe kitabu chote. Alisomewa amelala. Walipofika kwenye lile fungu la madaraka mume wangu akasita. Tukasubiri bakora. Haikugonga. Mzee alinyoosha mkono tu, akaugusa mkeka kwa kidole.

Alfajiri akakata roho.

Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa Boko, analima. Alifuatwa kwa baiskeli na kijana wa mtaani. Wakati anangojwa, mume wangu aliniita nyuma ya pazia, uso umemjaa majivu kama mtu aliyepuliza jiko.

"Tukimtoa saa tano," akasema, "makaburi siyo mbali. Adhuhuri itatukuta tumeshazika. Nitawahi."

"Waambie basi wakubwa."

"Niwaambie nini? Kwamba nataka kumfukia baba yangu mbio kwa sababu serikali inanisubiri?"

Nilimwona akivaa ile suruali ya kijivu, na lile shati, akatia kalamu mfukoni, kisha juu yake akavaa kanzu. Kwa nje ni mfiwa kama wafiwa wengine. Mie tu nilijua chini ya kanzu ile kuna mtu anayekwenda mtihanini.

Kaka alifika, akakubali wazike kabla ya adhuhuri, akisema kuwahi kuzika ni suna. Maiti ilikwisha oshwa na kukafiniwa. Mwalimu wa madrasa alikaa barazani na wanaume. Jeneza likainuliwa, likaingia ukumbini kuelekea mlango wa mbele, mume wangu ameshika upande wa kichwa. Wanawake tulijazana kwenye milango ya vyumba.

Mlangoni kulikuwa na baba mkwe.

Nasema kweli, nilishtuka. Mtani alikuwa amevaa kanzu ya mzee, na kofia yake, na bakora yake ameishika vile vile kwa vidole viwili, amepinda mgongo, anahema ile pumu, hii, hii, hii. Amesimama katikati ya kizingiti, na huo unene wake hapakuwa na pa kupita hata kuku.

"Mnanipeleka wapi?" akauliza kwa sauti ya mzee.

Wanawake wengine wakaanza kucheka na kulia pamoja. Kaka akasema, "Mtani, tafadhali, njia." Akatoa chochote mfukoni, kama desturi. Mtani akatazama kile kiganja kama ametolewa konokono.

"Hela za msiba zako kanunulie jembe. Huyu mchumba wangu alikuwa bado hajanioa mkamwua kwa pumu. Hatoki. Nani amempa likizo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata barazani nilisikia wanaume.

"Yuko wapi Ndugu Afisa?" akasema. "Aaa, uko hapo. Vizuri. Mie baba yako nilikuwa nakugongea kila siku. Leo nakufanyia mtihani. Ukifaulu napita. Usipofaulu nabaki, mnipikie uji."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa ametabasamu, maana mtu akitaniwa hutabasamu, lakini mishipa ya shingo imesimama. Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia mtani, mwanamke mwenzangu, sogea, ni leo. Mume wangu akaniona kutoka upande wa pili wa jeneza. Akatikisa kichwa kidogo sana. Nikaufunga.

"Swali," akasema mtani. "Mtumishi akitaka likizo afanye nini?"

"Aandike barua," mume wangu akajibu haraka, "kwa kupitia kwa mkuu wake wa kazi."

"Polepole! Unakimbilia wapi? Haya. Barua ya siri inafunguliwa na nani?"

"Na yule aliyeandikiwa, au aliyepewa idhini."

"Uongo. Inafunguliwa na mke wa aliyeandikiwa."

Vicheko tena. Mwalimu akakohoa barazani, akasema bila ukali, maana na yeye ni mtu wa pwani anayajua haya: "Mtani, maiti haicheleweshwi."

"Mwalimu, na wewe utaletwa hapa siku yako, tulia. Ndugu Afisa! Mtumishi akifiwa na mzazi wake, serikali inampa nini?"

Wabebaji walibadilisha mabega.

"Inampa ruhusa," akasema mume wangu. "Ya siku chache. Kwa idhini ya mkuu wa idara."

"Na mkuu wa idara akikataa?"

Halikuwamo kitabuni.

"Haya, hilo nakusamehe. La mwisho ninaachia mlango. Afisa akiwa hayupo, madaraka yake yanashikwa na nani?"

Mtani hakulichagua kwa ubaya. Alilichagua kwa sababu ndilo lililokuwa likigongewa bakora kila jioni. Ukuta wa uani haufiki juu. Alijua ndipo penye mzee.

Mume wangu akaanza. Alifika pale pale anapokwamaga, akameza mate.

Ko! Bakora kwenye sakafu ya saruji.

"Umesita," akasema mtani, na ile haikuwa sauti ya mtani. "Rudi mwanzo."

Mume wangu hakuwa amelia tangu alfajiri. Alishughulika na sanda, na maji, na kumtafuta mchimba kaburi, na saa. Pale akalia. Alilia na mti wa jeneza begani, hana mkono wa kujifutia. Na mtani naye machozi yanamtiririka chini ya ile kofia, lakini hakusogea, maana hiyo ndiyo kazi yake, na kwa desturi yetu alikuwa akiifanya vizuri kupita wote. Mfiwa asiyelia anaugua baadaye. Alimgongea tena. Ko!

"Rudi mwanzo. Na vifungu vyake vyote."

Akarudi mwanzo. Akalisema fungu lote, kwa kwikwi, nani anakaimu, kwa muda gani, kwa sahihi ya nani, akapapita pale mahali, akaenda hadi mwisho, afisa akirejea madaraka yanamrudia. Hakusita hata mara moja. Sijawahi kumsikia akilisoma vile, kabla wala baada.

Mtani akavua kofia.

"Amefaulu," akasema kwa sauti yake. "Mpitisheni mchumba wangu."

Akasogea. Na jeneza linatoka tu, tukasikia adhana ya adhuhuri.

Basi wakaenda kwanza msikitini, wakaswali, wakamswalia maiti, ndipo makaburini. Mengine nimeyajua kwa kuhadithiwa na yeye mwenyewe, vipande vipande, kwa miaka. Mtoto wa marehemu hushuka kaburini kumpokea, akashuka. Akaupokea mwili, akafungua sanda upande wa uso, akapanda. Udongo ulipokwisha, watu bado wamechutama, maiti anasomewa telkini, akainuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaondoka. Walimwona. Kaka yake alimwona, na neno hilo lilikaa kati yao mpaka kaka alipokufa, kwamba alimpa baba kisogo kabla ya dua.

Alivua kanzu njiani akaikunja kwapani. Basi halikuja. Akadandia gari la mkaa hadi Chang'ombe, kisha akakimbia. Alipofika ukumbini mlango ulikuwa umefungwa na msimamizi amekaa nje kwenye stuli. Hakuwa mtu mbaya, alisema, alikuwa mpole. Alimtazama mikono, imejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kucha.

"Ndugu, unatoka wapi?"

"Kuzika."

"Pole sana, ndugu yangu. Nusu saa ya mwanzo ikishapita siruhusiwi. Ungekuja mapema kidogo tu."

Hakubishana. Kanuni hiyo aliijua, ilikuwa kitabuni. Palikuwa na benchi chini ya dirisha, akakaa. Alisema alikuwa akisikia karatasi zikigeuzwa ndani, wote kwa pamoja, kama kuku wanaojipiga mbawa. Alikaa mpaka wenzake walipotoka wakiulizana majibu. Mmoja akamwuliza, lile la madaraka ya kukaimu wewe uliandikaje?

Kwetu msiba umejaa. Mtani yuko uani na sufuria kubwa, ameshavua kanzu ya mzee, anakoroga wali wa matanga. Mume wangu akaingia kwa mlango wa nyuma, suruali ya kijivu, shati jeupe, kanzu kwapani.

"Haaa!" mtani akapiga yowe. "Mtazameni! Wenzake wanasoma hitima, yeye anatoka dansini! Ulikuwa wapi, Ndugu Afisa?"

"Natoka mtihanini, mtani."

Watu wakacheka mno. Walidhani anajibu utani kwa utani. Na yeye akacheka. Mtani alicheka kuliko wote, amejishika kiuno, mwiko juu. Kisha akanitazama mie ili tucheke pamoja, kama kawaida yetu. Sikuwa nacheka. Kicheko chake kikapungua, kikapungua, kama maji yanayokauka sufuriani.

Akanisogelea.

"Ilikuwa leo?"

"Leo."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Aliuweka mwiko chini, kwenye mchanga. Mpishi wa msiba haweki mwiko mchangani. Akaingia chumbani kwake, wali ukaungua chini, mwanamke mwingine akaja akaukoroga.

Usiku ule kaka alitaka kujua mambo, na mwalimu naye, na kila mtu akawa na lake. Mume wangu alisema neno moja: "Mtani hana kosa." Na ni kweli, hakuwa nalo. Alifanya lililompasa. Siku ya mtihani ni sie hatukumwambia. Lakini hasira ya mtu lazima ikae mahali, na hii haikuwa na mahali pa kukaa. Kwa mtani hairuhusiwi. Kwa maiti huwezi. Kwa serikali, nani ataipeleka? Ikabaki ndani yake, ikakaa.

Hakusoma tena uani. Magharibi inaingia, chemli inawashwa, nyumba kimya. Watoto wakapata maneno mengine ya kurukia kamba. Siku moja mume wangu, nadhani alitaka kuurudisha utani mahali pake, alikitoa kile kitabu akamsimamia mtani mlangoni akiwa anapanga vitumbua. Karatasi zilikuwa shida miaka ile, muuza vitumbua akipata karatasi ya kufungia ni kama amepata sukari ya dukani bila foleni.

"Chukua, mtani," akamwambia. "Umenishinda. Fungia vitumbua vyako."

Mtani anachukua kitu chochote, nimeshasema. Aliwahi kuchukua mto kichwani kwa baba mkwe amelala. Kitabu kile alikitazama, akakitazama, akasema:

"Hapana, Baba Fulani. Ahsante."

Akamwita baba, na jina la mtoto wetu wa kwanza. Siyo Ndugu Afisa. Mume wangu alirudi chumbani akakaa kitandani. "Umemsikia?" akaniuliza. "Ameniita kama mgeni."

Arobaini ilipofika mtani alikuja, akapika, akachota maji, akakaa na wanawake. Watu walimngoja. Wengine walimchokoza makusudi, wakamtupia kofia ya mzee mapajani. Akaikunja vizuri akaiweka kando. Ikawa arobaini ya heshima, watu wakala, wakaondoka. Sijapata kuona msiba mzito kama ule usio na mtu wa kuucheka.

Tuliishi nyumba moja miaka mingi baada ya hapo. Habari za asubuhi, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo. Alimletea mume wangu vitumbua kwenye sahani iliyofunikwa, na mume wangu alivila, akarudisha sahani imeoshwa. Adabu tupu. Mie na yeye tulikuwa tunaongea ya sokoni na ya maji, tukifika kwenye jambo lile kila mmoja anatazama jiko lake. Mume wangu alibaki masjala. Waliofaulu mwaka ule aliwapelekea majalada, mmoja wao alikuwa yule aliyemwuliza swali kwenye benchi. Alistaafu karani. Lile vumbi alilosema haliondoki lilimwingia kifuani, akaanza kuhema hii, hii, hii, kama baba yake.

Alipokufa, mtani alikuwa ameshahamia Sinza kwa binti yake. Miguu imevimba, macho hayaoni mbali. Nilimtumia mtu. Wanangu walisema, Mama, siku hizi nani anangoja watani, tuzike. Nikawaambia maiti haitoki mpaka afike yule.

Alikuja kwa teksi, binti yake amemshika mkono. Hakuja ndani kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja mlango wa mbele, akasimama pale pale kwenye kizingiti, ameegemea fimbo yake. Wazee waliokuwa wanakumbuka wakaguna. Wanangu wakalileta jeneza ukumbini wakasimama mbele yake, wakangoja aseme. Nami nilingoja. Nilitaka amzuie. Nilitaka amkalie pale mpaka alasiri, amtukane, amwulize maswali yote ya kitabu, watu wajue kwamba aliyekuwamo humo alikuwa mtu.

Mtani aliinua mkono akaligusa jeneza, akalipapasa kama anatafuta kitasa.

"Ndugu Afisa," akasema. Tangu siku ile ya wali sikuwa nimelisikia jina hilo mdomoni mwake. "Pita. Pita upesi, usichelewe."

Akasogea, akaubana mwili wake wote ukutani ili njia iwe pana.

Wanaume waliporudi waliniambia walifika makaburini mapema mno. Kaburi halijakwisha chimbwa. Wakaliweka jeneza chini juani, wakakaa wakasubiri.